Kabla hujaandika "hasi" kwenye ubao, nisikilize kwanza

Jamani wadogo zangu, jana nimepita pale kwenye ubao wa lab nikakuta mtu kaandika kwa maka peni nyekundu FILAMU NAMBA 7, HASI, SALAMA KWA NGOZI, na chini yake kapiga tiki kubwa kama ya mwalimu wa darasa la tatu. Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Hapa tunapima, bila wanyama, kama vifaa vyetu vinavyooza vinaleta aleji ya ngozi: tunaloweka kifaa, tunapima kilichotoka, yaani ekstrakti, na hasi maana yake hakileti. Filamu namba 7 ni ile ya wanga wa muhogo iliyopakwa utomvu wa misonobari ili isipitishe maji. Nikauliza mmeiloweka kwenye nini? Kwenye maji ya chumvi dada. Na kwenye nini kingine? Basi dada, maji ya chumvi tu. Sikugomba, mlionikuta pale mnajua nilinyamaza, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naliona kosa langu mwenyewe la mwaka 2020 limesimama mbele yangu.

Kwa hiyo leo naandika. Sipangi sana, naweka namba ili msipotee, na mambo ya kwenye miongozo sirudii, mnayo. Naandika yale ambayo hayamo au yamo ila mnaruka.

1. DMSO, kile kimiminika cha kuyeyushia sampuli, ikiganda haijaharibika. Yaani hili kila mwezi wa saba narudia. Arusha asubuhi ya mwezi wa saba lab ina nyuzi 14, 15, na DMSO inaganda ikishuka chini ya nyuzi 18 na nusu hivi, ndivyo ilivyo tangu iumbwe. Weka chupa kwenye joto dogo, subiri, itarudi majimaji, ichanganye taratibu. Mwaka juzi kijana mmoja wa fildi, mtoto mzuri, mchapakazi, alikuta chupa mpya imekuwa kama barafu akaogopa kusema akaimwaga kwenye taka za kemikali, chupa tuliyoisubiri kutoka Dar wiki tano. Kosa siyo kutokujua, kosa ni kuogopa kuuliza. Mimi sing'ati. Na ukishaichota funga kifuniko saa hiyohiyo, ile kitu inanyonya maji ya hewani.

2. Hapa siyo Dar. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kama asilimia 15 hivi kuliko kule pwani, kwa hiyo ile asilimia 5 ya kabonidayoksaidi unayoisoma kwenye kioo cha inkyubeta, kabati la joto la seli, haiingizi gesi sawa kwenye midia, yale maji yanayolisha seli. Midia inaelekea zambarau, pH inapanda, HaCaT, seli zetu za ngozi ya binadamu, zinakua kivivu na mtu anaanza kulaumu seli, analaumu seramu, analaumu aliyemletea seli. Pima pH ya midia iliyokaa humo usiku kucha halafu ndiyo uamue uweke ngapi. Nililaumu seli miezi miwili mimi.

3. Andika pasaji, yaani seli zimehamishiwa chombo kipya mara ngapi. Siyo "karibu 20". Andika namba.

4. Kuhusu seramu. Hii naona mnaiga kutoka kwenye daftari la mtu wa kukuzia seli. Midia ya kukuzia keratinosaiti, seli za tabaka la juu la ngozi, ina seramu, majimaji ya damu ya ndama, kama asilimia 10, ila siku ya kuziwekea sampuli kwenye KeratinoSens, kipimo cha kuona kama seli hizo zinashtuka, unashuka mpaka asilimia 1, na siyo kwa ajili ya kubana matumizi. Hapteni, ile kemikali ndogo, kazi yake ni kushika protini, ndiyo maana inaleta aleji, inaenda kwenye ngozi inakamata protini za mwili na mwili hauzitambui tena. Sasa wewe ukijaza protini za ndama kwenye kisima, kile kishimo cha plati ya vipimo, hapteni inakamatana na hizo humo humo kwenye midia, seli haioni kitu, lusiferasi, ile inayotoa mwanga seli ikishtuka, haipandi, unaandika hasi. Dogo mmoja aliniuliza swali ambalo nilimpenda nalo sana, dada, tunasema hatutumii wanyama na seramu yenyewe inatoka kwenye damu ya ndama ambaye hajazaliwa? Nikamwambia umeona vizuri, na hilo ni deni ambalo bado tunalo, kuna watu wanazizoesha seli hizi midia isiyo na seramu ya mnyama, na ukitaka hiyo iwe kazi yako ya shahada nitakusaidia mpaka mwisho. Hakurudi tena na lile swali. Kama unasoma hapa, rudi.

5. Kuloweka. Hapa ndipo kazi yote ilipo na hapa ndipo mnapopapenda kidogo kuliko kote, kila mtu anataka akae kwenye flo saitometa, mashine ya kukagua seli mojamoja kwa mwanga, aone vidoti vya rangi. Mnajua vipimo: filamu nyembamba chini ya nusu milimita unaweka sentimita za mraba 6 kwa mililita moja, ikiwa nene kati ya nusu na milimita moja unaweka 3, kitu kisicho na umbo unapima gramu 0.2 kwa mililita. Lakini vifaa vyetu siyo bomba la plastiki la hospitali, vifaa vyetu vinaoza, hiyo ndiyo sifa yake, na vinakunywa. Nyuzi za mgomba ukiziwekea mililita 10 unakuta zimekunywa zote, chupa kavu, na mtu anakamua! Aisee, nimemkuta mtu anakamua na glavu. Unatakiwa kwanza upime nyuzi zinakunywa kiasi gani, halafu hicho unakiongeza juu ya kile cha kulowekea.

Na joto. Mwongozo unakupa nafasi ya kuchagua, nyuzi 37 kwa saa 72, au 50 kwa saa 72, au 70 kwa saa 24, sasa mtu anaona saa 24 anaona afadhali awahi wikiendi Moshi kwao. Wanga kwenye nyuzi 70? Alikuta uji. Uji kabisa, ulikuwa unang'aa. Kulowekwa kusibadilishe kifaa kiwe kitu kingine, kwa hiyo filamu zetu za wanga ni 37 na unasubiri siku tatu zako.

PLA, ile plastiki inayooza, nayo ina yake. Ikikaa majini inaachia asidi ya laktiki kidogo kidogo, na asidi ya laktiki haiamshi aleji, ndiyo hiyo hiyo tunayoitumia kama kontroli hasi, kitu tunachojua hakileti aleji, tunapozikagua THP-1, seli za damu ya binadamu, kabla ya h-CLAT, kipimo cha kuona kama seli hizo zinaamka. Lakini ikishusha pH seli zinakufa na mtu anaandika "kifaa kina sumu". Chovya karatasi ya pH kwanza, ni sekunde kumi.

6. Sasa hii namba sita ndiyo iliyonifanya niandike, nikae vizuri niiseme.

Mnakumbuka, au wengine mlikuwa bado sekondari, katazo la mifuko ya plastiki lilianza Juni 1, 2019. Baada ya hapo kila mtu alikuwa na filamu yake. Filamu ya muhogo, filamu ya maganda ya ndizi, filamu ya viazi, na kila mwenye filamu alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa nina miaka miwili tu kwenye kazi hii, kwenye lab ambayo sitaitaja, na tulikuwa tunatengeneza kitu kizuri kweli, pedi za nyuzi za mgomba zenye karatasi ya wanga chini yake ili zisivujishe, na zikishatumika unazifukia zinaoza. Mgomba haujawahi kuwa shida Kilimanjaro, kila kihamba kina vigogo vinaozea shambani. Wasichana wangapi wanakosa shule siku nne kila mwezi. Niliamini hiyo kazi na bado naiamini.

Shida ya karatasi ya wanga ni maji, ikiguswa na maji inalegea. Mwenzetu mmoja akaja na wazo la mafuta ya maganda ya korosho, yanatoka Mtwara, ni taka, bei chee, ukiyapasha moto na kuyapaka yanakauka yanakuwa kama vanishi. Na kweli maji yalikuwa yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Tulishangilia siku hiyo, tulinunua nyama choma.

Mimi ndiye niliyepewa kupima ngozi. Nikaloweka kwenye maji ya chumvi, nyuzi 37, saa 72, nikafuata kila mstari. Nikaweka kwenye peptaidi, vipande vidogo vya protini ambavyo hapteni huvishika, ile ya sisteini na ile ya laisini, saa 24 gizani, nikapeleka HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, hakuna peptaidi iliyopungua, wastani uko chini kabisa ya ile asilimia 6.38. KeratinoSens, lusiferasi haikufika hata mara 1.2, na mpaka wake ni 1.5. h-CLAT, alama za seli kuamka, CD86 haijafika 150, CD54 haijafika 200. Kontroli zote nzuri, mdalasinaldehaidi imefanya kazi yake, DNCB imefanya kazi yake, zote mbili vitu vinavyojulikana kuleta aleji. Vipimo vitatu, hasi tatu. Niliandika ripoti ya kurasa kumi na moja na nilikuwa najivunia mpaka nilimpigia simu mama yangu.

Karatasi ikapelekwa kwa mama mmoja fundi cherehani, Majengo, roli mbili, ashone pedi za mfano mia mbili. Sikumpa glavu. Glavu za nini, hasi tatu.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili ikiwa inaisha nikaenda kuchukua zilizokuwa tayari, nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu akakunja mikono ya blauzi akaniambia mwanangu hii karatasi yako inaniwasha. Mikono ilikuwa na vipele vyekundu kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye viganja, na kope za macho zimevimba, kwa sababu mtu anayeshona anajifuta jasho. Na mimi, hapa ndipo panaponiuma mpaka leo, mimi nikamwambia si karatasi mama, karatasi tumeipima, itakuwa sabuni. Umebadilisha sabuni? Akafikiria, mama wa watu, akasema labda, maana dukani walikuwa hawana ile ya zamani nikachukua nyingine. Nikasema basi ni hiyo. Nikaondoka na pedi zangu.

Akabadilisha sabuni akaendelea kushona. Siku nne baadaye mtoto wake akanipigia simu, mama hawezi kufungua macho.

Mnajua nyie njia yenyewe, mnaichora kwenye mitihani yenu kila mwaka. Kemikali inaingia inashika protini. Keratinosaiti zinapiga yowe. Dendritiki, seli za ulinzi kwenye ngozi, zinabeba habari zinapeleka kwenye tezi. Seli T za kinga zinajifunza, zinaongezeka, zinakaa zinasubiri. Siku 10 mpaka 14 za kujifunza, mtu haoni kitu, halafu ukimgusa tena ndani ya siku moja mpaka tatu ngozi inalipuka. Wiki mbili! Yule mama alinieleza kila hatua kwa mwili wake, na tarehe zake ziliendana na mchoro wangu, na mimi niliyekuwa nimeshikilia mchoro nikamwambia sabuni.

Daktari wa ngozi alimbandika vibandiko mgongoni, kipande cha karatasi yetu pamoja na vitu vingine kadhaa, vikakaa saa 48 vikatolewa. Pale palipokuwa na karatasi yetu palikuwa pekundu na malengelenge madogo madogo, na aliporudi siku ya nne palikuwa pameongezeka. Sabuni yake pale pembeni, ngozi safi. Daktari akaniuliza mmetia nini humu, nikamwambia mafuta ya maganda ya korosho, akaweka kalamu chini. Akaniambia wewe hujawahi kuona mikono ya wabangua korosho? Kule kusini watu wanajipaka majivu au mafuta mikononi kabla hawajagusa ganda, na hawakuhitaji mtu wa lab kuwaambia. Kila mtoto wa Newala anajua. Kwenye kikao chetu cha nyama choma hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kubangua korosho, na hatukumtafuta.

Nikarudi lab nikachukua kipande kilekile, roli ileile, nikakiloweka kwenye ethanoli. Kwenye HPLC ekstrakti ya maji ya chumvi ilikuwa mstari mnyoofu. Ya ethanoli ilikuwa milima, kilele baada ya kilele. Nikakaa chini sakafuni. Kardanoli na wenzake, kemikali za humo kwenye mafuta ya korosho, wana mkia mrefu wa mafuta, hawaendi kwenye maji, hata uwasubiri saa 72 hata uwasubiri mwaka. Kwa hiyo mimi sikupima karatasi. Nilipima maji ya chumvi mara tatu nikaandika kurasa kumi na moja kuyahusu.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba hata ningeyafikisha kwenye seli, mwongozo wa h-CLAT unasema wazi kwamba kitu kinachopenda mafuta sana, logi Kow, namba ya kupima hilo, ikizidi 3.5, jibu hasi lisikubaliwe. Imeandikwa. Nilikuwa nimeisoma, nimepigia mstari kwa penseli, kitabu changu bado kipo mkaone. Na vile vipimo vyote vitatu vina uwezo mdogo wa kukamata kitu ambacho mpaka kibadilishwe na mwili au na hewa ndiyo kinakuwa hapteni, na hiyo jamii ya mafuta ya korosho na ndugu zake inajulikana kwa tabia hiyo. Na kipimo cha peptaidi kinataka ujue molari zako, yaani wingi wa molekuli kwenye lita, uwiano wa 1 kwa 10 kwa sisteini na 1 kwa 50 kwa laisini, sasa ekstrakti ambayo hujui ndani yake kuna nini utaijuaje molari? Nilibuni. Niliandika "ilikadiriwa".

Yule mama alipona ngozi baada ya kama wiki tatu na dawa. Aleji haikupona, hiyo haiponi, seli zake zimeshajifunza na zitakumbuka. Na ganda la embe lina jamaa wa kemikali hiyohiyo, kwa hiyo msimu uliofuata alimenya embe mdomo ukavimba. Sasa hivi mjukuu wake ndiye anamenyea embe, anaosha, anamletea kwenye sahani. Nimelipia matibabu, nimeomba msamaha, alinisamehe siku hiyohiyo bila hata kufikiri na akanikaribisha chai, na mimi nilikunywa ile chai huku namwangalia mikono.

Roli zote tulizichoma. Pedi hazikufika kwa msichana hata mmoja, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

7. Basi mambo mafupi mafupi.

Loweka kwenye vitu viwili kila siku, kimoja cha maji kimoja cha mafuta au kilevi, hata kama una uhakika.

Pima kwanza ekstrakti ina kitu au haina kitu, kabla hujaipeleka kwenye seli.

Peptaidi ya sisteini tengeneza siku hiyohiyo, ikikaa inashikana yenyewe kwa yenyewe na utaona imepungua ukidhani ni sampuli. HPLC ianze saa 24 baada ya kuchanganya, ukichelewa au kuwahi isizidi saa mbili, siyo "nitaiweka nikitoka kula".

Lusiferasi ikipanda mahali ambapo seli hai zimeshuka chini ya asilimia 70 hiyo siyo chanya, hiyo ni vifo.

Funika plati ya KeratinoSens kwa karatasi ya gundi. Mdalasinaldehaidi inaruka, inaenda kisima cha jirani, na ukiingia asubuhi ukasikia harufu ya chai ya viungo chumba kizima basi jua plati yako imeshaambukizana. (Na tafadhali acheni kuwaambia watu huko mtaani kwamba mdalasini ni sumu. Tunaitumia kama kontroli chanya kwa sababu inafanya kazi kwa uhakika kwenye seli zilizokaa uchi kwenye kisima, chai ya bibi yako iacheni.)

THP-1 zikitoka kwenye naitrojeni ya kugandishia zipe wiki mbili, zikague kwa DNCB na salfeti ya nikeli na asidi ya laktiki, zikifeli zitupe usizihurumie.

Umeme ukikatika usifungue inkyubeta kuangalia seli zinaendeleaje. Zinaendelea vizuri kuliko zitakavyoendelea ukifungua.

8. Swali mnaloniuliza kila mwaka, kwa nini tusitumie tu wanyama tumalize. Mnauliza kwa heshima ila nasikia kilichopo chini yake, mnadhani tunafanya hivi kwa sababu hatuna banda. Zamani walitumia simbilisi, unamchoma sindano ya kitu, unasubiri, unamnyoa, unaangalia wekundu. Halafu wakaja na panya, unampaka masikioni unahesabu seli kwenye tezi zake. Nimeona banda moja nikiwa mwanafunzi na sitaki kurudi pale. Russell na Burch, wanasayansi wa Uingereza, waliandika mwaka 1959 kwamba pale panapowezekana mnyama abadilishwe, apunguzwe, na anayebaki apunguziwe mateso, na Ulaya tangu Machi 2013 kipodozi kilichopimwa kwa wanyama kwa ajili ya sheria zao hakiuzwi, kwa hiyo mwenye kiwanda anayetaka kuuza kule atakuja kwetu na hasi yake lazima isimame.

Lakini siyo huruma peke yake, na siyo soko. Sikio la panya siyo mkono wa fundi cherehani. Kipimo kile cha panya kina makosa yake, nikeli ambayo inawawasha watu wangapi masikioni kwenye hereni, kilikuwa kinaipita bila kuiona, na sabuni nyingine ambazo zinachubua tu kilikuwa kinaziita aleji. Sisi tunafuata njia yenyewe hatua kwa hatua kwa seli za binadamu, na tangu 2021 kuna mwongozo namba 497 wa OECD, shirika la nchi linalotoa miongozo ya vipimo, unaosema ukiwa na vipimo viwili kati ya vitatu vinavyokubaliana unaruhusiwa kutoa jibu bila mnyama. Hiyo ni kazi kubwa watu wameifanya miaka mingi na mimi naiheshimu. Ndiyo maana nachukia tukiitumia hovyo. Mbili kati ya tatu maana yake siyo uchague mbili unazozipenda. Na jibu likiangukia karibu na mpaka siyo chanya siyo hasi, andika halijulikani, halijulikani ni jibu halali na halikupunguzii maksi.

Halafu mwongozo ule ulijengwa kwa kemikali mojamoja zinazojulikana. Filamu yetu ina wanga, ina gliserini, ina kitu cha kuunganishia, ina cha kupaka juu, ina na vile vitakavyotokea ikianza kuoza kwenye jasho la mtu. Mkisikia mtu anaunganisha wanga wake kwa glutaraldehaidi mwulizeni amebakisha kiasi gani ambacho hakijaungana, hiyo ni aleji inayojulikana, watu wa hospitali waliosafishia vifaa nayo wanaijua. Na neno "asili" msiniletee. Korosho ni asili.

9. Nilitaka iwe kumi ila naishia hapa, watoto wanataka kula.

Ubao nimeufuta mimi. Filamu namba 7 iko kwenye droo ya chini, Jumatatu saa mbili asubuhi tunailoweka upya, maji ya chumvi, ethanoli, DMSO, chupa tatu tatu, na kipande kingine tunakiacha kwenye hewa na mwanga wiki mbili ndiyo tukiloweke, kwa sababu utomvu wa msonobari ukishaoksidika ndiyo unaanza fujo, ule uliotoka leo kwenye mti siyo ule uliokaa dirishani. Aliyeuleta aje na tarehe ya kugemwa. Glavu kila mtu, na siyo za lateksi.

Na kuna binti wa fildi, wewe uliyekuwa unakata vipande vya namba 7 wiki nzima iliyopita, nimesikia ulimwambia mwenzio mkono unakuwasha tangu Alhamisi na mwenzio akakwambia ni baridi. Jumatatu usiingie kwenye hudi, lile kabati la hewa la kufanyia kazi. Njoo kwanza kwangu, na usijipake kitu chochote.